Maji ya Vitambaa vya Altare

Binti yangu ana shati jeupe la shule analolipenda, na wiki iliyopita aliona kwenye simu namna ya kuifanya kola yake isimame. Akachemsha uji mwepesi wa muhogo, akalichovya shati, akalianika, kisha akalipiga pasi likiwa bado na unyevu. Mimi nilikuwa chumbani natafuta miwani. Harufu ilipoingia, ile ya muhogo unaoanza kuungua chini ya chuma cha moto, nilikaa kitandani na miwani sikuitafuta tena. "Mama, vipi?" akaniuliza kutoka sebuleni. Nikamwambia afungue dirisha.

Watu wa rika langu tukikutana tunapenda kusimulia utoto wetu kana kwamba ulikuwa sikukuu ndefu. Tulichunga ng'ombe, tulichoma mahindi, tulichapwa na walimu, tunacheka. Nami huwa nacheka. Lakini kuna kipande kimoja ambacho sijawahi kumsimulia mtu, hata marehemu mume wangu, na nakiandika hapa kwa sababu karatasi haiwezi kuniuliza swali.

Kwetu ni pande za Mpui, ambako upepo wa Juni unaingia hadi kwenye meno. Padre alikuja kigangoni kwetu mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote ibada iliongozwa na katekista, Mwalimu Dismas, mtu mrefu mwenye sweta moja la kijani, aliyekuwa akifundisha dini tangu kabla sijazaliwa. Padre akishakuja na kuondoka, Mwalimu alimletea Mama mfuko mdogo wenye vitambaa vya altare vilivyotumika kwenye misa, na Jumatatu yake nyumba yetu ilikuwa na sheria zake. Kuku walifungiwa. Mimi nilinawa mikono hata kama sikugusa kitu.

Mama alikuwa na bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa bluu, na bakuli hilo halikuonja mboga hata siku moja. Alivilowesha vitambaa humo kwa maji matupu bila sabuni, akalifunika kwa sinia, akaviacha vikae. Yale maji ya kwanza hayakumwagwa ovyo. Aliyabeba mwenyewe hadi nyuma ya kanisa, akayamimina polepole pale ukutani ambapo hakuna mtu anayepita. Nilipomuuliza sababu alinijibu hivi: "Humu mnaweza kuwa na chembe ya hostia, Yusta. Na chembe ni Yesu mzima. Utammwaga Yesu njiani watu wamkanyage?" Baada ya hapo ndipo sabuni ilipokuja, kisha uji wa muhogo, kisha pasi ya mkaa aliyoijaribu kwa kidole kilicholowa mate. Alikunja kila kitambaa mara tatu huku na mara tatu huku, kikawa kama bahasha.

Vitambaa vilikuwa sehemu tu ya kazi zake. Wakati kanisa lilikuwa bado la udongo, ndiye aliyesiriba sakafu kila Jumamosi kwa kinyesi cha ng'ombe na udongo mwekundu. Lilipojengwa la matofali, alibeba maji ya kufyatulia akiwa na mimba yangu. Na ile rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ikawa kengele, aliyekuwa akiigonga alfajiri ya Jumapili ni yeye, kwa sababu wanaume waliopewa zamu walilala.

Lakini wakati wa komunyo Mama alibaki kwenye benchi. Mimi nilidhani hicho ni cheo. Watu walipoinuka kwenda kupokea walimwachia vitu vyao, sweta, mikoba, fimbo za wazee, na zaidi ya yote watoto wachanga. Kina mama walimpakatisha mmoja, wakamlaza wa pili pembeni yake, wa tatu akabaki ameshika kanga yake. Mama akakaa katikati ya mzigo ule wote akiwa ametulia, macho mbele. Niliwaona wanakijiji wengine wote wakienda mbele kwa foleni kama watu wa kawaida, na mama yangu peke yake akiwa ameaminiwa kubaki. Niliwahi hata kujisifu shuleni kwamba mama yangu ndiye mlinzi wa kanisa wakati wa komunyo.

Sababu yenyewe niliijua nikiwa mkubwa, ingawa kijiji kizima kiliijua. Baba alikuwa amefunga ndoa kanisani na mwanamke mwingine kabla ya Mama. Mwanamke yule alimwacha, akashuka ziwani Kabwe, akaanza maisha na mfanyabiashara wa dagaa, wakazaa. Kwa sheria ya Kanisa bado alikuwa mke wa Baba. Mama aliyempikia, aliyemzalia na aliyemuuguza alikuwa mtu anayeishi naye tu, basi. Hakuruhusiwa kuungama wala kupokea. Aliruhusiwa kufua.

Mwaka niliotimiza miaka tisa niliingia darasa la komunyo ya kwanza. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbele, pumzi zetu zikionekana kwa baridi, na Mwalimu Dismas akatufundisha kwa kuimbisha swali na jibu. Siku moja alisema, bila kuimbisha, kwamba asiyeula Mwili wa Bwana hana uzima ndani yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetangaza kwamba kesho hakuna kipindi. Wenzangu walikuwa wanapigana vikumbo. Mimi nilihesabu Jumapili zote nilizozikumbuka na nikaona kwamba mama yangu hajala hata mara moja.

Jioni ile tulikuwa tunachambua maharage.

"Mama, mbona wewe hupokei?"

"Nitapokea baadaye."

"Lini?"

"Ukikua utajua. Hebu chambua, mawe hayo unayaacha."

Hakunitazama. Na mwezi ule alikuwa anakohoa. Usiku nilikuwa nasikiliza kikohozi chake kupitia ukuta nikiwa na hakika kwamba ule uzima unaisha humo ndani yake, kidogokidogo, kama mafuta ya taa.

Sasa naeleza nilichofanya, na naomba msomaji akumbuke kwamba nilikuwa na akili ya miaka tisa na nilikuwa nimefundishwa vizuri sana. Jumatatu iliyofuata Mama alikuwa ameshalowesha vitambaa. Akapita mchuuzi wa baiskeli na dagaa wa Kabwe, Mama akatoka nje kuchagua. Nilifunua sinia. Maji yalikuwa safi, hayana kitu, lakini nilijua aliyekuwemo. Nilichota nusu kikombe, nikakimbilia jikoni, nikayamimina kwenye uji wake wa ulezi, nikakoroga, nikaweka kikombe mahali pake.

Alikunywa uji akiwa amesimama. "Leo uji mwepesi," akasema. Akamaliza wote.

Wiki ile kikohozi kiliisha. Sasa mtoto wa miaka tisa ungemwambia nini? Nilirudia mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine. Mara nne. Hakuna mtu aliyekuwa na furaha kunizidi katika nyanda zote za Ufipa. Nilikuwa na siri kubwa kuliko ya padre.

Katika miezi hiyohiyo ikaja habari kwamba Askofu atapanda kutoka Sumbawanga kuja kutupa komunyo ya kwanza, na siku hiyohiyo atawatunuku walei waliolitumikia kanisa kwa miaka mingi. Kila mmoja angepewa cheti chenye mhuri, rozari na kitenge chenye picha ya msimamizi wetu mtakatifu. Mwenyekiti wa walei, Mzee Nikodem, alisoma majina baada ya ibada. Jina la Mama lilikuwa la tatu. Watu walipiga vigelegele, na Mama akaficha mdomo kwa kanga.

Sikuwahi kumwona akitaka kitu kama alivyoitaka siku ile. Alimpa Baba viatu vyake vya pekee apeleke kwa fundi mjini. Alianza kuimba asubuhi, yeye ambaye sauti yake ilikuwa mbaya na alijua. Alisukwa nywele wiki tatu kabla, wakati hakuna mtu anayesukwa wiki tatu kabla. Usiku mmoja, akinipaka mafuta miguuni, aliniambia, "Nitaitwa mbele, Yusta. Mbele kabisa, mpaka altareni. Hata mimi." Sikuelewa kwa nini aliongeza hayo maneno mawili ya mwisho.

Gaudensia aliyaelewa. Alikuwa darasani kwetu, mjukuu wa bibi mmoja aliyekuwa kiongozi wa kina mama, na alikuwa anajua kila kilichosemwa jikoni kwao. Tukiwa tunamsubiri Mwalimu aandike ubaoni alinigeukia.

"Bibi amesema mama yako jina lake litakatwa."

"Kwa nini likatwe?"

"Si hapokei. Mtu asiyepokea atapewaje na Askofu? Mama yako si Mkristo kamili."

Wenzetu walicheka. Nilisimama, na nakumbuka nilisimama juu ya benchi, si chini. "Mama yangu anapokea!" nikapaza sauti. "Anapokea kuwashinda nyie! Anakunywa maji ya vitambaa! Anakunywa Yesu kwenye uji!"

Chaki ya Mwalimu Dismas ilisimama ubaoni. Akageuka taratibu.

"Umesema nini, Yustina?"

Nikaona uso wake, na papo hapo nikajua kwamba nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini. "Mama anakunywa," nikasema.

"Nani anamtilia?"

Hapo ndipo nilipoanza kunyamaza. Nilitazama miguu yangu.

Halmashauri ya walei ilikaa Jumapili iliyofuata, mlemle kanisani, watu wengine walipokwisha kutoka. Walikuwa saba. Baba alikuwepo, Mama alikuwepo, na mimi niliitwa kama shahidi. Mzee Nikodem hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anavuta vidole vyake mpaka vinalia, na ilionekana angependa kuwa shambani. Mwalimu Dismas ndiye aliyeeleza jambo. Alisema kosa ni kubwa, kwamba Mwili wa Bwana umechezewa, na kwamba lazima ijulikane ni nani. "Kama ni huyu mtoto," akasema akinionyesha, "hataipokea komunyo mwaka huu, na sijui kama mwakani. Lazima aanze upya, na Askofu aambiwe."

Mama alinitazama. Alikuwa hajui. Nyumbani wiki nzima alikuwa akiniuliza nimeyatoa wapi maneno yale, nami nilikuwa nikilia tu bila kumjibu. Sasa nilimwona akifikiri, akirudi nyuma kwenye ule uji mwepesi, mwezi hadi mwezi, na nilimwona alipofika. Midomo yake ilifunguka kidogo.

Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Ni mimi," akasema. "Mtoto aliniona tu."

"Mama Yusta, ulijua ni maji gani?"

"Nimefua vitambaa hivyo miaka yote, Mzee. Nitakosaje kujua?"

Baba alisimama, akasema, "Huyu mwanamke..." kisha akakaa. Mpaka leo sijui alitaka kumaliza vipi sentensi ile. Nadhani hata yeye hakujua, na sijamsamehe vizuri.

Mzee Nikodem aliuliza kwa upole, karibu kwa kunong'ona, "Sasa kwa nini, mama?"

"Nilikuwa na njaa, mwenyekiti."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na ulimi. Nilichokuwa nafikiri ni gauni langu jeupe, ambalo lilikuwa tayari, linaning'inia kwenye msumari.

Tulirudi nyumbani. Baba alipitia kwa rafiki zake. Mama aliwasha moto, akaweka sufuria, akakaa kwenye kigoda.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Nne," akarudia. Nilipodhani atanipiga, akaifuta pua yake kwa mkono. "Basi nimepokea mara nne. Usimwambie mtu, Yusta. Mpaka na wewe uwe umepokea."

Bakuli lilichukuliwa siku ya pili. Vitambaa alipewa bibi yake Gaudensia, na kitenge cha Mama pia, kwa sababu majina yalikuwa yameshapelekwa kumi na hawakutaka yawe tisa. Bibi yule hakujua kupiga pasi. Mwezi wa kwanza tu kitambaa kimoja kilirudi altareni kina alama ya kahawia ya pasi, na mimi niliiona toka nilipokaa, nikafurahi kwa ubaya wote wa moyo wangu.

Siku ya Askofu upepo ulikuwa unang'oa maturubai. Wageni walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wa kuwapikia wali watu wote wale hakuwepo ila mmoja. Wakamfuata Mama nyumbani kumwomba. Akaenda. Alivaa viatu vyake vilivyotoka kwa fundi, akavivua jikoni, akapika peku. Wakati majina kumi yanasomwa, na wenye majina wanainuka mmoja mmoja kwenda mbele kufungwa vitenge mabegani, yeye alikuwa nyuma ya kanisa anageuza wali kwa mwiko mkubwa, na alisikia kila jina, kwa maana walitumia spika.

Nilipokea. Hostia ilinigandia kaakaani na nikaogopa kuigusa kwa ulimi. Niliporudi kwenye benchi niliona jambo ambalo sikuwa nimelitegemea: kina mama walikuwa wanakwenda kukomunika na watoto wao mgongoni, wengine wanalia, fimbo za wazee zinaanguka sakafuni, sweta zimetupwa ovyo. Hakukuwa na mtu wa kuachiwa. Ndipo nilipoelewa kwamba hakikuwa cheo; kingekuwa cheo, mtu mwingine angewekwa mahali pake.

Aliniambia nisimwambie mtu mpaka niwe nimepokea. Nilikuwa nimepokea. Jumapili iliyofuata ningeweza kusema. Mwezi uliofuata ningeweza. Niliingia sekondari sijasema. Mama aliendelea kuja kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho kabisa, na hakunikumbusha hata kwa jicho. Alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Viongozi wa kanisa walikuja nyumbani wakasali sala fupi chini ya turubai, na jeneza lake halikuingizwa kanisani, kwa sababu alifariki nje ya sakramenti. Lilipitishwa barabarani mbele ya mlango. Sakafu ya kanisa la kwanza aliisiriba yeye, kuta zile zina maji aliyobeba yeye, na wakampitisha nje kama mpita njia. Nililia kwa hasira mpaka watu wakadhani ni uchungu peke yake. Nilikuwa na hasira na Kanisa, na Baba, na Mwalimu Dismas, na hasira hizo zote zilikuwa za haki, na zote pamoja hazikufika nusu ya ile niliyoificha, niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe.

Kigango chetu sasa ni parokia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa, na ni katibu wa halmashauri ya walei mwaka wa kumi na nane. Mwaka huu parokia inatunuku tena walei waliotumikia muda mrefu, na safari hii wameamua kuingiza na marehemu. Jumuiya zilileta majina, nami kama katibu nikayaandika kwenye daftari kwa mpangilio yalivyokuja. Jumamosi iliyopita tulikaa kuyapitisha. Nilikuwa nasoma jina, wajumbe wanajadili, tunaendelea.

Nikasoma jina la Mama. Jumuiya ya upande wa juu wa kijiji ndiyo iliyolileta. Kuna wazee kule wanaomkumbuka.

Mwalimu Dismas huwa anaalikwa kwenye vikao vyetu kwa heshima ya umri. Haoni vizuri siku hizi, lakini alinyoosha mkono. "Huyu mama nilimfahamu," akasema. "Alifanya kazi sana. Lakini kuna jambo la maji ya vitambaa, na alikiri mwenyewe, mimi nikiwepo. Tukisoma jina lake mbele ya Askofu, wanaokumbuka watasema nini?"

Gaudensia, ambaye sasa ndiye kiongozi wa kina mama, alitazama meza. Vijana walikuwa wanaulizana kwa macho ni jambo gani hilo. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema na mwenye adabu, akanigeukia.

"Katibu, huyu ni mama yako mzazi. Kabla hatujaamua, una lolote la kutuambia?"

Sentensi ninayo. Nimekuwa nayo tangu nina miaka tisa, na ni fupi, mtoto anaweza kuisema. Nikiisema leo sina tena cha kunyimwa. Hakuna komunyo ya kuahirishwa, hakuna gauni msumarini. Niliogopa tu. Niliogopa macho ya Gaudensia na ya wale vijana, na daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na nilikuwa naona jina lililoandikwa chini ya la Mama.

"Sina, mwenyekiti," nikasema.

Nikachora mstari juu ya jina lake kwa rula, nikasoma linalofuata. Lilikuwa langu. Walipiga makofi, likapita bila kupingwa.